Kiolezo cha Dirisha la Maziwa

Jumanne asubuhi, siku nne kabla binti yangu Subilaga hajatimiza miaka kumi, alimwambia Mama Lugano mbele ya foleni nzima kwamba mama huyo anamkumbatia ili maziwa yake yapite.

Hakusema kwa hasira. Subi huongea hivyo kila wakati, kama mtu anayesoma maelezo nyuma ya chupa ya dawa. Mama Lugano alikuwa bado ameinama, mikono yake imezunguka mabega ya mtoto, na kopo lake la lita kumi liko mezani kwangu. Akajinyoosha taratibu. Wanawake wawili nyuma yake wakatazama pembeni. Mwanamume mmoja akacheka, kisha akanyamaza alipoona yuko peke yake.

"Nani kakuambia hivyo, mwanangu?"

"Mwenza." Subi akagusa nyuma ya sikio la kulia. "Anasema mdomo wako unacheka, ila macho yako yapo kwenye laktomita."

Laktomita, kile kipimo cha kugundua maji kwenye maziwa, nilikuwa nimeishika mimi. Nikafanya kitu pekee ninachokijua: nikapima. Nikamimina maziwa kwenye bomba la kupimia, nikaichovya, nikasubiri itulie, nikasoma. Thelathini na moja. Hayakuwa na hata tone la maji, na nikalisema hilo kwa sauti ili foleni isikie. Mama Lugano akachukua kopo lake tupu na kuondoka bila kuaga. Ni jirani yetu wa miaka minane. Enzi zile Subi alipokuwa anang'ata watu, yeye ndiye mtu pekee nje ya nyumba yetu aliyekuwa anampakata.

Nilimkimbilia hadi getini nikamwomba radhi. Alisema hakuna neno, mtoto ni mtoto. Kisha akaongeza kwamba kinachomuuma ni kuwa kweli alikuwa ameitazama laktomita. Kila anayeleta maziwa huitazama. Nani asiyeitazama?

Nilirudi dirishani nikamaliza foleni. Nimesomea maabara ya vyakula, ngazi ya diploma, na nimekaa kwenye kituo hiki cha kukusanya maziwa hapa Tukuyu miaka kumi na mmoja. Mashine za kupima zipo, lakini watu walishajifunza kuzidanganya zamani; walichanganya hiki na kile hadi namba zikakaa sawa. Ndiyo maana ushirika unataka mtu aketi dirishani na kumtazama mleta maziwa usoni kabla ya kutazama kopo. Watu mia na ishirini kila asubuhi. Namjua mwenye maji kabla hajafungua kifuniko. Sijisifu, ndiyo kazi yenyewe.

Kilichonitisha siku hiyo hakikuwa utovu wa adabu wa mtoto. Niliitambua ile sentensi. Niliwahi kuiwaza mwenyewe, vilevile ilivyo, juu ya mwanamke yuleyule, dirisha lilelile, miaka minne iliyopita.

*

Mwenza ni kidude cha ukubwa wa punje ya dengu. Huwekwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na kina jicho dogo kwenye kibanio cha nywele. Jicho linaona uso wa mtu, kidude kinakisia mtu huyo anawaza nini, kisha kinamnong'oneza mtoto kupitia mfupa. Mtoto mwenye usonji ambaye haoni kwa nini shangazi amenuna anaambiwa: shangazi amenuna kwa sababu hukumwamkia. Shule nyingi sasa hazimpokei mtoto wa aina hiyo bila mwenza.

Kidude chenyewe hakina akili. Kinahitaji mtu wa kukifundisha kukisia, na mtu huyo huwa mama. Anavaa kofia ya kurekodia kwa saa arobaini. Kofia inaona nyuso anazoziona na inasoma kichwani mwake anachokiwaza juu ya kila uso. Hicho ndicho wanachokiita kiolezo. Karatasi ya maelekezo ilisema uvae kofia ukiwa na watu wengi, uwe kawaida, usijilazimishe.

Akina mama wengine walichukua miezi mitatu. Walivaa kofia kanisani, sokoni, kwenye vikao vya harusi, msibani. Mimi niliangalia ile karatasi nikapiga hesabu ya wapi nitapata nyuso nyingi kwa muda mfupi. Nikaivaa kazini. Siku nane, nimemaliza. Kliniki walishangaa, nami niliondoka pale nimejaa majivuno.

Na mwenza alifanya kazi, lazima niseme hivyo. Kabla yake Subi alikuwa akitaka maji anasema, "Unataka maji," kwa sababu ndivyo sisi tulivyomuuliza siku zote. Miezi mitano baada ya kuwekewa, aliusukuma uji na kusema, "Mimi sitaki." Baba yake alitoka nje akasimama nyuma ya banda la ng'ombe kwa muda mrefu. Alirudi macho mekundu, akasema ni moshi.

Sasa lipo suala la miaka kumi. Mtoto akifika umri huo mwenza hukolea. Mishipa inakuwa imekizunguka kidude, na ile sauti ya pembeni inaacha kusikika kama sauti. Inakuwa wazo lake mwenyewe. Kabla ya siku hiyo kinaweza kutolewa kwa dakika ishirini. Baada yake hakitoki tena.

Ijumaa saa kumi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wetu.

*

Jumatano nilimpeleka Mbeya kliniki. Fundi wa violezo ni dada mmoja anaitwa Bi Nsia, mpole, anaongea huku anaandika. Nilimweleza habari ya Mama Lugano. Nikamweleza na nyingine nilizokuwa nimezifungia kichwani: mwalimu aliyempa Subi penseli akaambiwa anataka kuonekana mwema kwa mkaguzi, mtoto mwenzake aliyemwalika kucheza akaambiwa ametumwa na mama yake.

Bi Nsia alifungua kiolezo kwenye kioo cha kompyuta, akakipitia haraka, kisha polepole. Akauliza saa zile arobaini nilizichukulia wapi. Nikamwambia. Aliacha kuandika.

"Zote, mama?"

"Zote."

Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alinigeuzia kioo nione. Nyuso zilipita moja baada ya nyingine zikiwa na kopo chini yake, na chini ya kila uso kulikuwa na mstari wa maandishi, mawazo yangu yaliyogeuzwa kuwa maneno. Huyu ameongeza maji. Huyu anacheka sana leo, kwa nini? Huyu amemleta mtoto mchanga ili nimwonee huruma. Huyu hana neno, lakini wiki ijayo atajaribu. Saa arobaini za hivyo. Hakuna hata uso mmoja niliouwazia kwamba umefurahi kuniona.

"Kwa vipimo, kiolezo chako ni kizuri sana," Bi Nsia alisema. "Usahihi ni asilimia tisini na moja, na wastani wetu ni sabini na nne. Subi anakisia vizuri kuliko watoto wengi wasio na usonji. Ila anakisia jambo moja tu."

Nikauliza kama kinaweza kubadilishwa. Hakiwezi, ni kama kumnyang'anya mtoto lugha aliyoanza nayo na kumpa nyingine akiwa na miaka kumi. Nikauliza kikitolewa itakuwaje. Alisema wengi hunyamaza, wengine miezi, wengine mwaka na zaidi. Baadhi huanza tena kuongea kwa namna yao. Baadhi hawaanzi.

"Wangapi hawaanzi?"

Akasema watoto waliotolewa ni wachache, hajui, na hataki kunitajia namba ya kunifariji. Nilimheshimu kwa hilo.

Kisha akaniambia kuna kitu anataka nikione, ingawa hana hakika kina maana gani. Kofia ile ilikuwa ikirekodi pande zote, na chini hakuna aliyewahi kuangalia kwa sababu kazi ilikuwa kwenye nyuso. Akageuza picha. Nikaona magoti yangu. Chini ya dirisha, sakafuni, alikuwa amekaa Subi wa miaka sita na kaptura yake ya bluu. Siku zile sikuwa na wa kumwachia, nilikuwa nakuja naye kazini na kumweka pale na vifuniko vya makopo ili atulie. Wenye maziwa huacha vifuniko kwenye benchi la chini ya dirisha ninapopima.

Alikuwa anavipanga mstari. Hilo nililijua, alikuwa anapanga kila kitu. Kila kifuniko kilikuwa na kifungio, na vyote alivielekeza kulia. Isipokuwa kimoja. Kila siku, siku zote nane, kimoja alikigeuza kifungio kikaelekea kushoto, akakisukuma hadi ukingo wa benchi. Bi Nsia akakuza picha. Mkono wa kushoto wa mtu ukashuka na kukichukua.

Mama Lugano. Mkono wake wa kulia uliumizwa na mashine ya kukatia majani, vidole viwili havikunjiki; kifungio kikielekea kushoto ndipo anakishika kwa urahisi.

Mwaka huohuo Subi alipewa mtihani wa wanasesere hapahapa kliniki. Mmoja anaficha parachichi kapuni na kutoka nje. Wa pili analihamishia kwenye sufuria. Wa kwanza akirudi atalitafuta wapi? Subi alisema sufuria, mara tatu, ingawa mwanasesere yule hakuona likihamishwa. Wakaandika kwamba mtoto hana dhana ya akili ya mtu mwingine. Niliisoma ripoti ile, nikaiamini, nikaenda kutia sahihi ya mwenza.

"Inawezekana alipenda tu kimoja kielekee kushoto," Bi Nsia alisema. "Sitaki kukuambia zaidi ya ninachokiona."

Nilimtazama Subi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ananitazama usoni kama mwenza alivyomfundisha.

"Mama anataka kulia lakini kuna mtu," alisema.

*

Mume wangu Gwamaka huendesha lori la chai. Zamani alikuwa anakataa safari za mbali, siku hizi anaziomba. Sababu naijua. Asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, Subi alimtazama akasema, "Baba amechoka na mimi. Anafurahi lori likiwaka." Gwamaka alitafuna kiazi chake hadi mwisho, akanywa maji, akatoka. Hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli ya asubuhi ile moja, mtu ameamka na mgongo unauma, lakini mtoto hana kipimo cha kweli ya asubuhi moja na kweli ya maisha. Na mimi sina, nadhani. Ndiyo maana yeye hana.

Alhamisi alirudi mchana kutoka Njombe kwa ajili ya jambo hili. Tulikaa jikoni. Nilimweleza yote, pamoja na vifuniko. Alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama tukikitoa ataendelea kumwita baba. Nikasema sijui.

Basi akasema kisitolewe. Aliongea taratibu, kwa muda mrefu, na sikuweza kumpinga popote. Alisema dunia imejaa watu wanaotazama laktomita. Alisema msichana kama Subi, asiyejua kudanganya, akikua bila jicho hilo atakuwa wa kila mpita njia, na mimi mwenyewe najua mabinti wa aina yake yaliyowakuta. Kuambiwa ukweli mchungu mezani kwake ni bei ndogo. Yeye atazoea.

"Umeshazoea?" nikamuuliza.

Akainuka akapunguza moto wa jiko.

"Mama Subi," alisema baadaye, "mimi sikuvaa kofia. Uliyeivaa ni wewe. Utakaloamua nitalibeba, lakini usiniambie niamue."

Nilikasirika, halafu nikaona hana kosa. Jioni ile nilipita kwa Mama Lugano. Nilitaka kumuuliza kuhusu vifuniko, kama aliwahi kugundua. Alikuwa anakamua. Alinikaribisha kigoda, akaniuliza habari za kazi na za shemeji yake Gwamaka, na hakuniuliza habari za Subi. Hajawahi kuacha kuniuliza habari za Subi. Nilikaa dakika kumi, nikaaga, sikuuliza kitu.

*

Ijumaa tulifika saa nane mchana. Sheria inataka mtoto aulizwe, na jibu lake linaandikwa kama maoni. Uamuzi ni wa mzazi. Mzazi asipoweka kidole hadi saa kumi, mwenza anabaki. Kwa hiyo hata kukaa tu pale bila kufanya lolote kulikuwa ni kuchagua.

Bi Nsia alieleza kwamba mtoto anaweza kuulizwa mwenza akiwa amewashwa au amezimwa. Akiwa amewashwa, mtoto ataongea, lakini atakuwa anasikia kile mzazi anachotaka kusikia. Akiwa amezimwa hatasikia, lakini wengi hawaongei. Nilimuuliza wenzangu hufanyaje. Akasema wengi huuliza akiwa amewashwa, kwa sababu wanataka jibu.

Nami nilitaka jibu. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya binti yangu, magoti yakagusana. Nikamweleza yote kwa maneno mafupi, kama ninavyomweleza kila kitu: kipo, kinaweza kutoka, kikitoka hatasikia tena sauti, huenda maneno yakapotea kwa muda, huenda yasirudi. Kikibaki kitabaki daima.

Alinitazama kwa makini, jicho lake na lile la kwenye kibanio.

"Unataka niseme kitoke," alisema. "Ili kosa lisiwe lako."

Bi Nsia akainamisha kichwa kwenye karatasi zake. Mimi sikuwa na pa kuinamisha changu. Ilikuwa kweli. Asilimia tisini na moja.

"Sawa," nikasema. "Hayo ni yangu. Wewe je? Wewe unataka nini?"

Alisubiri. Nilimwona akisubiri, kichwa kimeinama upande wa kulia kidogo, kama mtu aliyepiga hodi mlangoni na kusikiliza kama kuna anayekuja. Saa ya ukutani ilisogea dakika moja, kisha nyingine.

"Mwenza hajasema," akasema.

Nikamwomba Bi Nsia akizime.

Mabega ya Subi yalishuka. Macho yake yaliniacha, yakaenda dirishani, yakakaa kwenye ukingo wa pazia. Alianza kuvuma kwa sauti ya chini, mvumo nilioujua kabla sijawahi kusikia neno lolote kutoka kwake. Nikauliza tena. Niliuliza kwa Kiswahili, nikauliza kwa Kinyakyusa cha bibi yake, nikaweka vidole vyangu viwili mezani, hiki kibaki, hiki kitoke, aguse kimoja. Hakugusa. Hakuonekana kuteseka na hakuonekana kufurahi. Alikuwa pale, mzima, na sikuwa na njia ya kuingia.

Ikafika saa tisa na nusu. Nikajaribu kufikiri kama mtu wa maabara. Upande mmoja nina vipimo, miaka minne ya maneno, shule, "mimi sitaki". Upande wa pili nina kifuniko kimoja kilichogeuzwa, siku nane, na maelezo mawili ya sababu yake ambayo siwezi kuyatenganisha. Sampuli kama hiyo ningeikataa ikiletwa kazini.

Lakini maneno yale yote yalikuwa yangu. Hilo sikuweza kulizunguka. Nimemlea miaka minne nikisikia anaongea, na niliyekuwa namsikiliza ni mwanamke wa dirishani. Kama kulikuwa na mtu mwingine mle ndani, mtu aliyemwona Mama Lugano kabla mimi sijamwona, hakuwa amepata nafasi ya kusema hata neno moja, na Jumamosi asingekuwepo tena wa kulisema.

Au hakuwepo tangu mwanzo, na nilikuwa naenda kumnyang'anya mtoto ulimi kwa sababu ya kifuniko.

Saa kumi kasoro dakika sita niliweka kidole. Niliweka kwenye "kitolewe". Bi Nsia akauliza kama nina hakika, kwa kuwa utaratibu unamtaka aulize. Nikamwambia aandike ndiyo.

*

Ilichukua dakika ishirini, kama walivyosema. Walimrudisha kwenye chumba chenye vitanda vinne, vitatu vitupu, pamba nyeupe imebandikwa nyuma ya sikio. Alikuwa macho. Nilimpa maji, akanywa nusu, akarudisha kikombe mezani, si mkononi mwangu. Nilijaribu kumwita jina. Hakugeuka, ingawa alisikia, maana aliacha kuvuma kidogo kisha akaendelea.

Nilimtazama usoni. Mimi ni mtu ninayelipwa kutazama nyuso. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa: amekasirika, ananiadhibu. Nikalitambua lilikotoka, nikaliacha. La pili: ananionea huruma ili nisilie. Lilitoka palepale. Nikaliacha nalo. Nilisubiri la tatu. Nilisubiri muda mrefu nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda, na hakikuja kitu, ukawa ni uso tu, wa mtoto wa miaka kumi kasoro saa chache, una kovu dogo kwenye kidevu alikoangukia ngazi.

Gwamaka alipiga simu mara mbili. Niliiacha ilie.

Nesi wa zamu aliingia na faili, akanisalimia, akauliza mtoto anaendeleaje. Kwetu swali hilo mtu hulijibu kabla hata halijaisha, anaendelea vizuri, tunashukuru, hata kama mgonjwa anakata roho. Nilifungua mdomo nikakuta jibu lile halipo.

"Sijui," nikamwambia.

Alisimama na kalamu yake, akisubiri niseme kitu anachoweza kuandika.